Damu Ndani ya Tezi ya Pituitari: Kwa Nini Macho Huokolewa Kupitia Puani

Mgonjwa anapoletwa kwetu akilalamika kwamba kichwa kilimuuma ghafla na macho yakaanza kuingia kiza, huwa nakaa mbele yake kabla sijatazama picha za MRI, namwomba afumbe jicho moja na anitazame puani, kisha nasogeza kidole polepole kutoka pembeni kuelekea katikati. Asipokiona kidole cha upande wa sikio mpaka kikaribie katikati, na jicho la pili nalo likafanya vivyo hivyo kwa upande wake, najua kwamba tatizo haliko machoni. Niliwahi kumpokea dereva wa lori aliyekuwa amebadilisha miwani mara mbili katika miezi michache, kwa sababu kila alipopelekwa mbele ya ubao wa herufi alisoma vizuri na hakuna aliyempima uoni wa pembeni. Kichwa kilipomlipuka usiku mmoja, alitibiwa malaria kwa siku tatu. Mkewe ndiye aliyetueleza kwamba kwa muda mrefu mumewe alikuwa akijigonga kwenye miimo ya milango.

Tezi ya pituitari ina uzito wa takriban nusu gramu na imekaa ndani ya kishimo cha mfupa katikati ya sakafu ya fuvu. Kiasi cha sentimita moja juu yake, neva za macho mawili hukutana na baadhi ya nyuzi zake hupishana. Nyuzi zinazopishana ni zile zinazotoka nusu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyo upande wa pua, na kwa kuwa mwanga huingia jichoni kimshazari, hizo ndizo zinazoona vitu vya upande wa nje. Uvimbe wa tezi unapopanda juu na kusukuma makutano hayo, mtu hupoteza pembe zote mbili za nje huku akiendelea kuona vizuri vilivyo mbele yake, na ndiyo maana anaweza kuendesha gari kwa miezi bila kujua. Kulia na kushoto kwa tezi kuna mikondo ya damu ya vena ambamo hupita ateri ya karotidi pamoja na neva zinazozungusha jicho na kuinua kope.

Dharura huanza uvimbe huo unapovuja damu ndani yake, au unapokosa damu na tishu zake kufa kwa mkupuo. Pearce Bailey wa Marekani aliandika kisa cha namna hii mwaka 1898, na leo tunaiita hali hiyo apopleksia ya pituitari. Wagonjwa wengi hawakuwa wakijua kwamba wana uvimbe. Shinikizo la juu la damu, dawa za kuzuia damu kuganda, ujauzito au upasuaji mkubwa wa sehemu nyingine ya mwili vinaweza kuwa kichocheo, ingawa mara nyingi hatukioni kichocheo chochote. Mgonjwa huumwa kichwa ghafla, hutapika, huona viwili viwili, kope moja huanguka, na shingo inaweza kukakamaa kama ya mwenye homa ya uti wa mgongo. CT scan inaweza kupita bila kuonyesha kitu. MRI huonyesha vizuri zaidi.

Hapa nawasihi wenzangu wa hospitali za wilaya wasisubiri picha hiyo ili waanze tiba. Tezi hii ndiyo inayoziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kutoa kotisoli, homoni inayosaidia kudumisha shinikizo la damu, na amri hiyo ikikatika ghafla mgonjwa anaweza kufa kwa kushuka kwa shinikizo la damu huku macho yake yakijadiliwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 unaelekeza mtu mzima aliye katika hali mbaya apewe haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kotisoli, miligramu 100 hadi 200 kwa sindano, kisha dozi za kuendelea, baada ya kuchukua damu ya vipimo vya homoni na chumvi. Nikipigiwa simu kuhusu mgonjwa wa rufaa, huuliza kwanza kama amekwisha kuchomwa sindano hiyo.

Si kila mgonjwa anayepasuliwa. Kope iliyoanguka na kuona viwili viwili mara nyingi hupona bila kisu, na mgonjwa ambaye uoni wake haujaguswa tunaweza kumfuatilia kwa karibu. Lakini uoni ukiwa umeshuka sana, ukiendelea kushuka, au fahamu zikianza kupotea, mwongozo huo unapendelea upasuaji ndani ya siku 7 tangu dalili zianze. Binafsi sizichukulii siku hizo kama ruhusa ya kusubiri, kwa sababu kwetu nyingi huwa zimeliwa na safari na foleni kabla mgonjwa hajanifikia.

Watu hushangaa kusikia kwamba hatulifungui fuvu. Daktari wa upasuaji Hermann Schloffer wa Innsbruck, Austria, aliifikia tezi hii kwa kupita puani mwaka 1907, ingawa ilimlazimu kuipindua pua yenyewe pembeni. Jules Hardy wa Montreal akaja kuitumia hadubini katika miaka ya 1960. Sasa tunatumia endoskopu, kifaa chembamba chenye kamera, yenye unene wa milimita 4. Mgonjwa akiwa ameingia nusukaputi, mimi na mwenzangu wa masikio, pua na koo tunaufungua uwazi wa mfupa ulio nyuma kabisa ya pua, tunauchonga mfupa mwembamba unaoifunika tezi, kisha tunahakikisha ateri za karotidi ziko wapi kabla ya kuchana utando. Katika apopleksia, utando ukichanwa tu, damu nyeusi na tishu laini iliyokufa husukumwa nje zenyewe, na muda si mrefu paa la kishimo, lililokuwa limebinuliwa juu, huanza kushuka. Hiyo ndiyo sehemu ya operesheni ninayoisubiri. Maji ya ubongo yakivuja tunaziba kwa mafuta kidogo kutoka tumboni kwa mgonjwa mwenyewe.

Akiamka namwonyesha vidole na kumwomba avihesabu. Baadhi huona tofauti siku hiyohiyo, wengine huchukua wiki au miezi, na wale ambao neva zilikuwa zimekwisha kufifia rangi hubaki na upungufu. Wodini tunapima mkojo kila saa, kwa sababu anaweza kukojoa lita nyingi za maji matupu bila kuwa na kisukari, na takriban wiki moja baadaye chumvi ya damu inaweza kushuka, jambo linaloweza kumrudisha hospitali akiwa amechanganyikiwa. Haruhusiwi kupenga kamasi kwa wiki kadhaa, na maji maangavu yakidondoka puani anapoinama lazima arudi mara moja.

Wengi huondoka na vidonge vya haidrokotisoni, na wapo watakaovimeza maisha yao yote. Namweleza mgonjwa pamoja na mtu anayeishi naye kwamba akipata homa dozi huongezwa maradufu, na akitapika asiweze kukishikilia kidonge tumboni ni lazima achomwe sindano siku hiyohiyo. Karatasi yenye maneno hayo naiandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na namwomba aisome kwa sauti mbele yangu, kwanza kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto.