Kinyago hakipigwi kiwi

Dhana: kinyago kikififia, kipige kiwi kiwake.

Mazoea haya yametokana na mpingo. Mchongaji wa Mtwara akimaliza sanamu ya ujamaa, ile ya watu waliopandana, huipiga msasa, akaipaka kiwi, ikang'aa, ikauzwa. Sawa. Lakini kinyago cha mapiko, yaani cha ngoma ya Wamakonde, huvaliwa kichwani, kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi, nao hunywa kila unachoupaka. Juu yake kuna nywele za mtu, na chale za usoni mara nyingi ni nta ya nyuki. Niliwahi kushika kimoja kilichopigwa kiwi: nywele zimegandamana, chale ya shavuni imeng'oka na kitambaa. Kuirudisha hali yake ni kazi ngumu, maana tapentaini inayoyeyusha kiwi huyeyusha na nta.

Dhana: ukiona unga chini ya kinyago, puliza dawa ya wadudu.

Dawa huacha madoa, na wewe ndiye unayeivuta. Watu wa makumbusho hutumia friza: kinyago hufungwa ndani ya nailoni, hewa ikatolewa, kikakaa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka hakifunguliwi mpaka kirudi joto la chumba, la sivyo kitalowa umande. Chenye nta kisiguswe kikiwa kimeganda, kwani nta hukatika.

Dhana: saruji ni imara, basi magofu ya Kilwa yazibwe kwa saruji.

Ugumu wake ndio ubaya wake. Matumbawe na chokaa, ambavyo ndivyo vilivyojenga magofu hayo, hupitisha unyevu. Saruji huuzuia, chumvi ikabaki ndani ikilimega jiwe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, zikatolewa 2014.

Dhana: elimu hii ya uhifadhi iko Ulaya, tena kwa wenye fedha.

Roma kipo ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi, kilichoundwa kwa uamuzi wa UNESCO mwaka 1956, ni kweli. Ila mafunzo ya Africa 2009, mpango wa kuhifadhi majengo ya urithi Afrika, yalifanyika Mombasa na Porto-Novo, Benin. Na maelekezo ya taasisi ya uhifadhi ya Kanada, pamoja na vitabu vingi vya Getty Conservation Institute ya Marekani, hupakuliwa bure. Gharama ni bando, na Kiingereza, ambacho kwangu mimi ndicho kikwazo kikubwa zaidi.

Mwenye kile kinyago nilimtumia kurasa mbili, nikamfasiria kwa sauti ya WhatsApp. Akajibu: "Sasa mjomba, vumbi nilitoe na nini?"

Brashi laini, kavu. Basi.