Baba akirudi ziwani: mambo ya chumbani tunayomsingizia Kanisa

Wavuvi wa dagaa hapa Kigoma huvua gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti samaki, hivyo mitumbwi inapumzika, na waume waliokuwa wakikesha ziwani hulala nyumbani. Katekista mmoja mzee alinitania: "Mama, Jumapili ya mbalamwezi foleni ya Komunyo huwa fupi, nami sihitaji kutazama angani." Nilicheka. Lakini katika mafundisho ya ndoa ninayosaidia parokiani swali hilo haliishi, na huulizwa kwa sauti ya chini wanaume wakishatoka: mtu akiwa amekutana na mumewe usiku, asubuhi anaruhusiwa kukomunika, yaani kupokea Ekaristi katika Misa?

Anaruhusiwa. Mfungo wa Ekaristi uliopo katika Sheria ya Kanisa ni wa saa moja bila chakula wala kinywaji, isipokuwa maji na dawa. Tendo la ndoa halimo.

Katazo hili ambalo wengi wanaliamini hata hivyo halikuanguka kutoka mbinguni. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, iliyotolewa 1566 baada ya Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Trento iliwashauri wanandoa wajizuie siku kadhaa kabla ya kukomunika, na mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika waliofika Ujiji 1879 walitoka katika Kanisa lenye malezi ya namna hiyo. Bibi zetu walirithi ushauri, sisi tukarithi sheria. Halafu kuna majirani. Huku Ujiji ukuta mmoja hutenganisha nyumba ya Mkatoliki na ya Mwislamu, na jirani huoga janaba kabla ya kuswali. Hiyo ni sheria ya dini yake, ina utaratibu wake na maana yake. Mkatoliki ameazima nusu tu: amechukua kujiona hafai, josho akaliacha.

Nyuma ya swali lile kuna dhana kubwa zaidi, kwamba tendo lenyewe ni uchafu ambao Mungu anauvumilia kwa sababu ya watoto. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1965, ulisema matendo ambayo kwayo wanandoa huungana ni mema na yana heshima. Na mapema zaidi, Oktoba 1951, Papa Pio XII alisema Muumba mwenyewe ndiye aliyepanga mume na mke waone raha na furaha katika tendo hilo, na kwamba hawakosei kuitafuta, mradi wawe na kiasi. Aliyasema hayo mbele ya wakunga. Napenda hilo, ni watu waliojua mambo haya yanaishia wapi.

Sasa kicheni pati. Somo, yaani mama anayemfunda bi harusi, anapanda jukwaani, vigelegele, kisha linakuja lile neno: usimnyime mumeo, hata ukiwa na homa, mwili si wako tena, Biblia imesema. Biblia imesema, ndiyo, Wakorintho wa kwanza, sura ya saba, aya ya nne. Ila aya ile ina nusu ya pili ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa ukumbini: vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Papa Paulo VI katika waraka wa Humanae Vitae wa 1968 alikwenda mbele zaidi. Aliandika kwamba tendo analolazimishwa mwenza bila kujali hali yake wala matakwa yake halali si tendo la kweli la upendo. Hata Sheria ya Kanisa ya 1983, inapoeleza ndoa iliyokamilishwa, inataka wawili wawe wamekutana kwa namna ya kibinadamu. Nikiyasoma haya darasani, kina baba hutazama saa.

Waraka huohuo ndio watu wanaoutaja wakisema Kanisa linataka tuzae hadi nguvu ziishe. Sivyo. Unawaruhusu wenzi wenye sababu nzito, za afya, za uchumi au za familia, kupisha uzazi kwa kufuata siku za asili za mwanamke. Usichoruhusu ni kulifanya tendo liwe tasa kwa makusudi, kwa hiyo kondomu, sindano na vijiti bado vimekatazwa. Anayesema Kanisa limelegeza hapo amesikia vibaya.

Ugumu upo, na mapadre wetu wengine huupitia kwa haraka mno. Wengi wanadhani njia ya asili ni kuhesabu hadi siku ya kumi na nne, basi. Mizunguko haifanani, hata ya mama mmojammoja. Njia ya Billings, iliyoanza Australia miaka ya 1950, inamtaka mama achunguze ute wake wa ukeni kila siku na kuandika. Na mumewe yuko nyumbani kwa sababu ya mbalamwezi, si kwa sababu ya ute. Siku zile chache za mapumziko zikigongana na siku za rutuba, wawili hao wana mazungumzo magumu ya kufanya, na mwanamume asipokuwepo darasani yanakuwa ya mtu mmoja.

Kuhusu wajawazito, waliokoma hedhi na wasiojaliwa watoto: hawana kosa lolote wakikutana. Utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi.

Jambo moja limenichosha. Mama mmoja alikuwa akitokwa damu nyingi kila mwezi, daktari akamwandikia vidonge vya homoni, naye akakataa kuvimeza kwa kuwa ni "vya uzazi wa mpango". Humanae Vitae, namba 15, inasema wazi kwamba tiba inayohitajika kuponya ugonjwa inaruhusiwa, hata kama itazuia mimba, ilimradi kuzuia huko si ndiko kunakokusudiwa. Nilimsomea mara mbili. Akaniambia vidonge bado anavyo, amevifukia kwenye ndoo ya unga, mwenyekiti wa jumuiya asije akaviona.