Goti Lililolika na Sindano ya PRP: Maswali na Majibu

Mamangu anakaa Majengo, ana miaka 62, na magoti yamelika. Ameambiwa achomwe PRP. Ni dawa gani hiyo?

Si dawa ya dukani, ni damu yake mwenyewe. Hutolewa kidogo mkononi, ikazungushwa kwa kasi ndani ya mashine hadi chembe nyekundu zijitenge. Hubaki plazma, yaani majimaji ya damu, yenye wingi wa chembe sahani (ndiyo hiyo PRP), zile zinazogandisha damu ukijikata. Chembe hizo hutoa protini za kuchochea mwili ujitibu, ndiyo sababu plazma hiyo hudungwa gotini.

Gegedu, ile tabaka laini inayokinga ncha za mifupa gotini, litaota tena?

Hilo halijathibitishwa, na akiahidiwa hivyo, atake ushahidi. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 288 ambao magoti yao hayakuwa yamelika sana. Kila mmoja alichomwa sindano tatu, moja kwa wiki: wengine PRP, wengine maji ya chumvi tu. Baada ya mwaka maumivu yalikuwa yamepungua kwa wote, karibu sawasawa, na gegedu la waliopata PRP halikuwa na nafuu ya kutajika. Tafiti nyingine zimeona nafuu ya miezi kadhaa, ndipo madaktari wanapobishana. Isitoshe, kila kliniki hutengeneza PRP yake kwa namna yake; kwa hilo, chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kilishauri mwaka 2019 isitumiwe kwa magoti.

Basi asichomwe?

Uamuzi ni wake. Mimi ningeanza na fizio wa kumfundisha mazoezi ya misuli ya mapaja, kisha uzito: kila kilo anayopunguza huondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Jioni atembee Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni Mombasa, pametandazika. (Mahamri ya asubuhi nayo yapungue, najua atanuna.)

Akikubali kuchomwa, ajihadhari na nini?

Amwambie daktari dawa zote anazomeza. Dawa za maumivu kama brufeni na diklofenaki kwa kawaida husimamishwa siku kadhaa kabla. Aspirini ya moyo asiiache bila idhini ya daktari.

Ataweza kusujudu?

Siku za mwanzo aswali kitini. Goti kuuma na kuvimba kidogo kwa siku mbili tatu ni kawaida. Likiwa la moto, jekundu, limefura, na homa juu, apelekwe hospitali siku iyo hiyo.