Unarudi kuzamia? Kazi iko kwenye mita tano za kwanza

Karibu kila anayenipigia akitaka kurudi kuzamia baada ya miaka mingi ananiuliza jambo moja: "Mwalimu, utaniruhusu kushuka mita ngapi?" Wengi walijifunza Unguja au Mafia wakiwa vijana, wakapata kadi, wakazamia misimu miwili mitatu, kisha kazi, watoto na foleni ya Mwenge vikawachukua. Kadi yenyewe haina tatizo. Cheti cha PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, kwa mfano, hakina tarehe ya kuisha. Ila mwenye boti anayejali kazi yake atataka urudie mazoezi na mwalimu kabla hajakupeleka kwenye mwamba wowote, na hapo usimnunie.

Jibu langu ni kwamba mita 18, kina cha mwisho cha cheti cha mwanzo, tutazizungumza baadaye. Zitakazokutoa jasho ni tano za kwanza.

Juu ya maji tunabeba mgandamizo wa hewa wa takriban baa 1 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza baa 1 nyingine: mita 10 ni baa 2, mita 20 ni baa 3, mita 30 ni baa 4. Sasa tazama hewa iliyomo kwenye jaketi lako la kuelea. Ukishuka kutoka juu hadi mita 10, inasinyaa ikabaki nusu. Ukitoka mita 20 kwenda 30, inapungua robo tu. Mabadiliko makubwa kabisa yako pale juu, ambapo wageni hudhani ndipo pepesi. Ndiyo maana namwona mtu aliyekaa miaka kumi bila kuzamia akitulia vizuri mita 12, halafu mita 3 anapanda na kushuka kama kishada.

Kwa hiyo siku ya kwanza huwa tunaanzia bwawani, na tukienda baharini napenda upande wa kisiwa cha Mbudya unaotazama bara, kwenye mchanga, mahali ambapo ukisimama kichwa kinatoka nje. Hakuna cha kutazama pale. Hiyo ni faida: hutakimbilia kasa ukasahau kupumua.

Na hapo ndipo inapokuja sentensi niliyoizoea: "Kaka, niongezee risasi, sizami." Risasi ni vile vipande vya madini mazito tunavyofunga kiunoni ili tuzame. Mara nyingi zinatosha. Kilichozidi ni hewa kifuani. Mtu mwenye wasiwasi hupumua kwa juu juu, mapafu yakiwa yamejaa muda wote, hatoi pumzi ikaisha. Lita 2 za hewa zinazobaki kifuani bila sababu zinakuinua kwa nguvu ya karibu kilo 2. Ukimfungia kilo 2 zaidi kiunoni atazama kweli, lakini dakika tano baadaye, akishatulia na kupumua kawaida, atakuwa mzito. Atajaza hewa kwenye jaketi ili asiguse chini, na hewa hiyo itatanuka kila akipanda kidogo. Tumemtengenezea tatizo la pili ili kuficha la kwanza.

Dawa yake ni kutoa pumzi. Ndefu, taratibu, mpaka uhisi tumbo limeingia ndani, kisha subiri kidogo kabla ya kuvuta nyingine. Pumzi fupi za haraka zina ubaya mwingine pia: kabonidayoksaidi haitoki ipasavyo, inajikusanya mwilini, na mwili unaitafsiri kama kukosa hewa hata kama mtungi wa hewa umejaa. Mtu anavuta kwa nguvu zaidi, hali inazidi. Hofu nyingi ninazoziona chini ya maji zinaanzia hapo, wala si kwa papa.

Lakini kuna wakati risasi kweli hazitoshi, na sababu yake huwashangaza wengi. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji yasiyo na chumvi, kama ya bwawani, kwa karibu asilimia 2.5. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 100, akipimwa bwawani akawa sawasawa, atahitaji takriban kilo 2.5 zaidi akifika baharini kisiwani Bongoyo. Ongeza na mwili uliobadilika. Mafuta yanaelea, na sisi wa umri wangu tunajua yalipokaa. Kwa hiyo namba uliyoiandika kwenye daftari lako la zamani isahau, tupime upya.

Kipimo ni rahisi: jaketi tupu, mwili wima, pumzi ya kawaida, maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi unazama polepole. Tunakipima mtungi ukiwa umebaki na baa 50 hivi, kwa sababu hewa nayo ina uzito. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojaa baa 200 una zaidi ya kilo 2 na nusu za hewa, na nyingi ya hiyo utakuwa umeshaitumia ukifika wakati wa kupanda. Mtu aliyepimwa na mtungi uliojaa tu hushindwa kukaa mita 5 mwishoni.

Na mita 5 ndipo tunaposimama dakika 3 kabla ya kutoka, ili mwili upunguze nitrojeni ulioifyonza kutoka kwenye hewa tuliyovuta chini. Ukanda uleule mgumu, safari hii ukiwa mwepesi na umechoka. Waliosoma zamani wengine walifundishwa kupanda mita 18 kwa dakika. Siku hizi tunakwenda mita 9 kwa dakika, na kompyuta ya kuzamia unayoivaa mkononi kama saa itakupigia kelele ukizidisha. Usibane pumzi kabisa unapopanda. Mapafu yaliyojaa yanaweza kupasuka hata ukitokea kina kinachozidi mita moja kidogo, yaani hata bwawani.

Mambo ya afya nayasema kwa kifupi, ila siyalegezi. Kuna fomu ya maswali inayotumika kimataifa, na ukishavuka miaka 45 inakuuliza kuhusu sigara, shinikizo la damu, kolesteroli na moyo wa ndugu zako. Ijaze kwa ukweli. Ukiingia majini, damu kutoka miguuni husogea kifuani na moyo hupata kazi ya ziada kabla hata hujapiga pezi. Jibu moja likikutaka umwone daktari, nenda na fomu yenyewe mkononi, maana si kila daktari amewahi kuulizwa kuhusu uzamiaji. Mafua nayo yanaahirisha safari. Usimeze dawa ya kuzibua pua ukadhani umemaliza. Inaweza kuisha nguvu ukiwa chini.

Vifaa vilivyokaa stoo Mbezi au Kigamboni miaka yote hiyo, kodi vingine kwanza. Hewa yetu ya chumvi na joto hula mpira. Pinda hosi karibu na kiungo chake uone kama ina nyufa. Regyuleta, yaani kifaa cha kupumulia kinachotoa hewa ya mtungi, ipelekwe kwa fundi wake, na usiifungue mwenyewe hata kama umeona video. Mtungi una tarehe iliyogongwa shingoni. Huku kwetu hupimwa kwa maji ya mgandamizo kila miaka 5, na ikipita hakuna wa kukujazia.

Msimu nao usiuchukulie poa. Desemba hadi Februari, kaskazi ikiwa haijachachamaa, asubuhi maji huwa ya joto na mara nyingi unaona mbali. Julai kusi inavuma, bahari ina mawimbi na baridi kidogo. Masika mito kama Msimbazi inamwaga tope na uchafu wa mji, na mimi siku hizo simpeleki anayerudi. Chagua pia siku za maji mafu, ambapo bahari haipandi wala kushuka sana. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, bahari ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo kati ya visiwa haukungojei ujipange. Nahodha anajua saa ya maji kusimama kuliko programu ya simu yako, muulize yeye. Kabla hamjang'oa nanga, muulize pia oksijeni ya huduma ya kwanza iko wapi, na uione kwa macho.

Jambo la mwisho linawahusu wanaopanga kuzamia Jumapili na kurudi kazini mkoani. Baada ya kuzamia mara moja, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo, angalau saa 18. Watu wanakumbuka ndege wanasahau gari. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mlima wa Kitonga unaupanda kwa muda mfupi ukiwa bado na nitrojeni mwilini, ambayo mgandamizo wa hewa ukipungua huweza kutengeneza mapovu. Kama basi lako ni la Jumatatu alfajiri, zamia Jumamosi asubuhi, Jumapili kaa ufukweni ule pweza.