RAM si RAM tu, hata zote zikiwa za GB 8

Wengi wanaonunua laptopu za mitumba mjini Kisumu huamini kwamba RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni RAM, mradi iandikwe GB 8. Sivyo. RAM ya laptopu ya kizazi cha DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, na pengo la ukingoni halikai mahali pamoja. Ukilazimisha, utavunja soketi.

Mtego mbaya zaidi ni DDR3 na DDR3L. Zote huingia bila shida, ila ya kwanza hutaka volti 1.5 na ya pili 1.35. Laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne zinataka DDR3L. Ukiweka ile nyingine, taa inaweza kuwaka, feni ikazunguka, na skrini ikabaki nyeusi. Hapo fundi hulaumiwa bure. Soma kibandiko cha RAM ya zamani: PC3L ndiyo alama ya DDR3L.

Wakati wa kuibadilisha, zima laptopu kabisa, chomoa chaja na betri. Ingiza RAM kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi mpaka sehemu ya dhahabu ifichike, kisha ilaze hadi vibanio vya pembeni viseme "ta". Na kama RAM iliyopo haijai hata ukifungua kila kitu, huenda kinachokuchelewesha ni diski ya kuzunguka. Pesa hizo nunulia SSD, diski isiyozunguka.