Stadi ya manifodi ni nini, na kwa nini hukatika kwenye gari la tabo

Ukimsikia fundi wa Grogan, mtaa wa mafundi wa magari Nairobi, akisema "stadi imekatika", hazungumzii stadi za maisha. Stadi ni kipande cha chuma mfano wa bolti isiyo na kichwa, chenye meno ncha zote mbili. Ncha moja hukazwa ndani ya silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini, na kubaki humo. Ya pili huchomoza nje, manifodi ya ekzosi ikavikwa juu yake, kisha nati ikafuata. Manifodi yenyewe ni lile bomba lenye matawi linalokusanya moshi wa kila silinda. Kwenye gari la tabo moshi huo una kazi ya kufanya kabla haujaenda nyuma: unazungusha tabo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na tabo mara nyingi imefungwa kwenye manifodi hiyohiyo.

Wengi huichukulia stadi kama msumari, kwamba ikiingia imeshika. Kwa kweli inafanya kazi kama springi. Nati ikikazwa, stadi hurefuka kidogo mno, jicho halioni, na kule kung'ang'ania kurudi kwake ndiko kunakoibana manifodi. Ukikaza chini ya kiasi, manifodi inacheza. Ukizidisha, stadi inavutika na hairudi tena. Kuanzia hapo unasubiri siku tu.

Sasa ongeza moto. Silinda hedi nyingi za siku hizi ni za alumini na zinapozwa kwa maji, kwa hiyo hukaa karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Manifodi kwa kawaida ni chuma cha kusubu, na moshi wa injini ya petroli yenye tabo, ukipanda kutoka Mai Mahiu na abiria na mizigo, unaweza kupita nyuzi 800. Tuseme manifodi ina urefu wa sentimita 40 na imepata joto la nyuzi 500 juu ya lile la asubuhi. Itarefuka kama milimita 2. Hedi iliyo nyuma yake itarefuka chini ya milimita moja. Ile tofauti lazima iende mahali, na inaenda kwenye ncha za manifodi. Ndiyo maana stadi za pembeni kabisa hukatika kwanza na za katikati huweza kuzeeka salama.

Waliobuni injini wanalijua hilo. Matundu ya manifodi huwa mapana kuliko stadi, na ya pembeni mara nyingi yana umbo la yai, ili chuma kiteleze juu ya gasketi, ule utando wa kuziba kati ya manifodi na hedi, kikipata moto na kirudi kikipoa. Balaa huanza kuteleza kukizuiwa. Kutu ikijaza tundu, au nati ikikazwa kwa hasira, manifodi haitelezi tena. Inaisukuma stadi kwa ubavu, kwenda na kurudi, kila safari, kama mtu anayekata waya kwa kuukunja.

Niliwahi kuonyeshwa jambo hili kwenye karakana moja Kariobangi Light Industries. Fundi aliweka kipande cha stadi kiganjani mwangu, akakifuta kwa kidole. Uso wa mvunjiko ulikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa nyeusi ya masizi, na ukingo mwembamba unaong'aa. "Bosi, hii haikukatika jana," akasema. Ule weusi ni ufa uliokuwa ukitembea kwa miezi; unaong'aa ni uzi wa mwisho uliobaki ukibeba mzigo wote. Mimi nilikuwa nimekuja nikilaumu shimo la barabarani.

Shimo pia lina lake, lakini kupitia mlango mwingine. Tabo ni nzito, na magari mengi huwa na braketi, mkono wa chuma wa kuishika kwa chini, pamoja na kiungo cha ekzosi kinachonyumbuka. Gari likishafunguliwa mara mbili tatu, braketi hubaki kwenye ndoo ya vyuma, na bati la kuzuia joto hufuata. Hapo uzito wa tabo na mtetemo wa bomba zima huning'inia kwenye stadi. Ukitaka kufanya jambo moja tu la kuzuia mkatiko, hakikisha braketi imerudi. Hilo ndilo husahaulika kuliko yote.

La pili ni mkono wa fundi. Stadi ya milimita 8 kwa kawaida huhitaji kiasi cha nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 30. Kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha gari. Spana ya sentimita 30 ikivutwa kwa nguvu ya kilo 15 tayari imetoa 44. Omba spana ya toki, ile inayopima nguvu hiyo, itumike, injini ikiwa baridi, kuanzia nati za katikati kwenda nje. Meno yakipakwa grisi ya kuzuia kugandana, nati huteleza zaidi, kwa hiyo kipimo kilekile kitaivuta stadi kupita kiasi. Fundi apunguze, isipokuwa kitabu kimesema vingine.

Manifodi ikishafunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji, vile vijibati vya kupimia pengo. Iliyopinda ikivutwa kwa nati hadi ikae, stadi zimekatwa kabla gari halijawashwa. Ipelekwe kukwanguliwa, nyuso zote kwa pamoja. Stadi na nati zibadilishwe seti nzima, za aina inayostahimili joto. Bolti ya kawaida ya dukani hupoteza nguvu kwenye moto ule, na nati yenye pete ya plastiki itayeyuka.

Kuna mambo ya dereva pia. Kuosha injini ikiwa bado ni ya moto, kama wanavyofanya wengi kwenye kaoshi Jumamosi, huikunja manifodi ghafla. Katalitiki, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, ikiziba huzuia moshi na kupandisha joto. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na tabo huzunguka kwa kasi zaidi kufikia msukumo uleule wa hewa. Anayeongeza msukumo juu ya hapo ajue moto unakwenda wapi.

Dalili huja asubuhi: tik-tik-tik injini ikiwa baridi, kisha kimya baada ya dakika chache, manifodi ikishatanuka na kuziba pengo. Watu husema imejitengeneza. Angalia alama ya masizi kando ya gasketi, na ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari usilisubirie, maana kabonimonoksaidi inaua bila harufu yake yenyewe. Mapema, kisiki cha stadi iliyokatika huwa bado kimechomoza na fundi anaweza kukichomelea nati akakizungusha taratibu. Kikikatika ndani ya hedi, inabaki drili juu ya alumini, na drili ikiteleza kutoka kwenye chuma kigumu inaelekea palipo laini.