Je, wajua jinsi baridi yabisi inavyotambuliwa kwenye maiti ya miaka 3,200?

Ukisoma habari za Farao Ramesses II, aliyefariki mwaka 1213 KK, huenda ukaambiwa kwamba aliugua spondilaitisi, ile baridi yabisi inayomkamata mtu angali kijana na kumgandisha uti wa mgongo. Habari hiyo imerudiwa mno hadi ikaonekana haina ubishi. Ushahidi wa sasa unaikataa.

Mwaka 1976 mwili wake ulipelekwa Paris kutibiwa ukungu, ukapokewa kwa heshima za kijeshi. Waliosoma picha zake za eksirei waliona pingili, yaani mifupa midogo ya uti wa mgongo, zilizoungana, wakahitimisha kuwa ni spondilaitisi. Lakini magonjwa yanayounganisha pingili ni zaidi ya moja, na tofauti yao iko katika mahali mfupa ulipoungania.

Spondilaitisi huanzia chini, pale mgongo unapokutana na mifupa ya nyonga. Uvimbe hula kingo za kiungo, kisha kiungo hujifunga. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili navyo hufunga. Ugonjwa wa pili, uitwao DISH, huwapata zaidi wazee, nao hugeuza kano ndefu inayoshuka mbele ya pingili kuwa mfupa. Chukua ukuta wa matofali uliopigwa lipu upande mmoja tu. Ukisimama mbele yake unaona kitu kimoja kisicho na maungio. Zunguka nyuma: kila tofali linaonekana peke yake, na nafasi kati ya tofali na tofali haijapungua. Ndivyo ilivyo DISH. Nafasi za diski, vile vipande laini vilivyo kati ya pingili, zimebaki, viungo vya nyuma viko wazi, na ile lipu ya mfupa imepita mfululizo juu ya pingili zisizopungua nne.

La kustaajabisha zaidi, kwenye kifua mfupa huo hujijenga hasa upande wa kulia. Kushoto hupita aota, mshipa mkuu wa damu, na inadhaniwa kuwa mapigo yake ndiyo huuzuia. Kuna watu wachache ambao viungo vyao vya ndani vimekaa kinyume, na baadhi yao wameonekana na DISH upande wa kushoto!

Eksirei ya kawaida hulundika mbele, nyuma na ubavu kwenye picha moja. Kipimo cha CT huonyesha mwili kipande kwa kipande. Mwaka 2004 wataalamu wa mionzi walipitia upya picha za Ramesses, wakasema ni DISH. Mwaka 2014 mtaalamu wa mionzi Sahar Saleem na mwanaakiolojia Zahi Hawass, wote wa Misri, walichapisha matokeo ya CT ya mumia 13 za kifalme. Spondilaitisi haikuonekana kwa yeyote. DISH ilikuwa kwa wanne: Amenhotep III, Ramesses II, mwanawe Merenptah, na Ramesses III.

Tahadhari bado inahitajika. Magadi yaliyotumika kukausha maiti hunyonya maji ya diski, kwa hiyo diski iliyosinyaa haitoshi kuthibitisha ugonjwa. Maumivu nayo hayapigwi picha. Wengi wenye DISH leo huigundua kwa bahati, wakipimwa jambo jingine, kwa hiyo anayesema Ramesses aliishi miaka mingi akiteswa na mgongo anasema zaidi ya kile mifupa inachoonyesha.